Sura ya Tano: Daktari wa Nyumba Huchaguliwa Siku ya Afya

Desturi ya wengi wetu ni kumkumbuka tabibu siku ile mwili unapokataa kuinuka kitandani, na siku hiyo, akili zikiwa zimezongwa na homa na jamaa wakiwa wamejaa hofu, ndipo tunapoanza kuulizana nani aliye hodari, anapatikana wapi, na ada yake ni kiasi gani. Hakuna shauri linalokatwa vibaya kuliko lile linalokatwa katika saa kama hiyo. Mtu anayekwenda mnadani kununua ng'ombe humzunguka mnyama mara mbili na tatu, akamtazama meno na kwato, akauliza ametoka zizi gani, kisha ndipo akafungua mkono. Lakini mtu huyo huyo dhamana ya uhai wa mkewe na watoto wake humkabidhi yeyote atakayetajwa na dereva wa bodaboda usiku wa manane. Sura hii ina neno moja la kusema, na mengine yote ni maelezo yake: daktari wa nyumba huchaguliwa siku ya afya, na faida yake kubwa hupatikana kwa yule anayemwendea angali mzima.

Najua msomaji wa Chamwino atauliza, na ana haki ya kuuliza, daktari wa nyumba atampata wapi. Katika nchi kama Norway karibu kila mkaazi ameandikwa jina lake katika orodha ya daktari mmoja, na daktari huyo anajua kwamba fulani bin fulani ni amana yake. Kwetu orodha ya namna hiyo haipo. Wilaya ya Chamwino, iliyozaliwa mwaka 2007 ilipogawanywa iliyokuwa Dodoma Vijijini, ilihesabiwa watu 330,543 katika sensa ya mwaka 2012, nao wametawanyika kutoka Haneti na Itiso upande wa kaskazini hadi Mpwayungu na Manda upande wa kusini, katika nchi kavu ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja na njia zake nyingine hazipitiki mito ya msimu inapojaa. Hata hivyo mkaazi wa huko si mtu asiye na tabibu. Anayo zahanati ya kijiji au ya kijiji jirani, na ndani yake yumo mganga mfawidhi, yumo muuguzi, na mtaani yumo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeijua kila nyumba kwa mlango wake. Hao, wakichaguliwa kwa akili na kuzoewa kwa adabu, ndio daktari wa nyumba wa mtu wa Ugogo, na kwa kazi nyingi za kuzuia maradhi wanatosha bila upungufu.

Wala haya si mageni katika nchi hii. Mvumi, kusini-mashariki ya mji wa Dodoma, wamisionari wa Kianglikana wa jumuiya ya CMS walijenga hospitali ambayo hadi leo inahudumia watu, na baina ya mwaka 1938 na 1941 alifanya kazi hapo daktari kutoka Australia, Paul White, ambaye baadaye aliandika mfululizo wa vitabu vya visa vya daktari uliosomwa na watoto wa mataifa mengi. Wasomaji wa mbali walipendezwa na habari za mgonjwa anayeletwa usiku na kuponywa alfajiri, kwa sababu habari za namna hiyo husisimua. Lakini Mvumi inajulikana nchini kwa jambo jingine lisilosisimua na lenye thamani kubwa zaidi, nalo ni matibabu ya macho.

Kwa vizazi vingi vikope, ambavyo wataalamu huviita trakoma, vilikuwa msiba wa nyanda hizi kavu, na wilaya ya Kongwa iliyo jirani ilipata kuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana duniani kwa ajili ya maradhi hayo. Kijidudu chake hupita kutoka jicho la mtoto hadi jicho la mtoto, kwa vidole, kwa kitambaa kinachotumiwa na wengi, na kwa nzi wanaofuata makamasi na tongo katika uso usiooshwa. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona. Akiambukizwa tena na tena, ngozi ya ndani ya ukope hufanya makovu, makovu yakaukunja ukope kuelekea ndani, na miaka mingi baadaye, naye sasa ni mama au bibi, kope zake mwenyewe huanza kukwaruza mboni kila anapopepesa. Wapo akina mama waliokuwa wakizing'oa kope hizo kwa kibanio, wakapata nafuu ya siku chache, zikaota tena ngumu kuliko mwanzo, hata jicho likafunga utando mweupe. Wanawake wameumia kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wabebao na kulaza watoto. Tazama basi urefu wa njia hiyo: upofu unaompata bibi wa miaka sitini ulianza uso wake ulipokuwa haujaoshwa na umri wake haujatimia miaka mitano. Tabibu aliye hodari kuliko wote, akiletewa jicho lile mwishoni, hawezi kurudisha ila sehemu ndogo ya kilichopotea. Lakini maji kidogo mno, yanayodondoka kutoka kibuyu chirizi kilichotundikwa mlangoni, yangaliweza kuuzuia upofu huo.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani liliupokea mkakati wa mambo manne yanayokwenda pamoja: kupasua ukope uliokunjika, kugawa dawa kwa kijiji kizima, kuosha nyuso, na kusafisha mazingira kwa vyoo na maji. Dawa yenyewe hutolewa kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, na kipimo cha kila mmoja hukadiriwa kwa kumsimamisha kando ya kijiti chenye alama, kwa kuwa kijijini ni rahisi kujua urefu wa mtu kuliko uzito wake. Ninalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu ni hoja iliyokamilika. Mtu asiyeumwa anasimama foleni, anapimwa kwa kijiti, anameza dawa, na kwa tendo hilo anamlinda mjukuu wake. Huduma ya kinga ndiyo hiyo, na watu wa Ugogo waliifahamu kwa macho yao kabla ya kuisoma kitabuni.

Buigiri nako, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ipo shule ya wasioona iliyofunguliwa mwaka 1950, nayo ni fahari ya wilaya, kwa maana imewapa elimu na heshima watoto ambao pengine wangaliachwa nyuma ya nyumba. Fahari hiyo haituzuii kusema kweli, kwamba katika Afrika ya zama zile surua na upungufu wa vitamini A vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa zilizowapofusha watoto, na kwamba zote mbili leo zinazuilika kwa sindano na kwa matone yanayotolewa bure kwenye zahanati.

Ama serikali, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mageuzi yaliyofuata, ilikusudia huduma ziwafikie watu wa vijijini; na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku utabibu wa binafsi wa kutafuta faida, ambao uliruhusiwa tena mwaka 1991. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliweka shabaha ya zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na ijapokuwa shabaha hiyo haikutimia kila mahali, njia ya mgonjwa imefupishwa. Mwaka 2018 sherehe za Uhuru zilizotazamiwa tarehe 9 Desemba zilifutwa, na Rais John Magufuli akaamuru fedha zake zijenge hospitali; ndiyo Hospitali ya Uhuru iliyosimama Chamwino. Juu yake zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ngazi ipo basi, kutoka kijijini hadi kwa bingwa, na mwenye hikima huipanda kutoka chini. Anayeruka daraja la kwanza kwa kudhani kwamba daktari wa mbali ndiye bora, akaenda mjini kwa kila kikohozi, hutumia nauli na siku nzima, akaonwa kwa dakika chache na mtu asiyemjua wala hatamwona tena, akarudi na dawa ambayo angaliipata karibu na nyumbani kwake.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Sifa ya kwanza ni ukaribu, kwa kuwa huduma ya kinga ni ya kurudia, na mtu harudii safari inayomchosha. Sifa ya pili ni uhalali. Madaktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kituo cha binafsi kinapaswa kuwa na leseni inayoonekana; anayetembea na mkoba wa sindano kutoka mnada hadi mnada, au anayetibu chumbani bila kibali, ni kishoka, na upole wa ulimi wake usikuhadae. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na mtu kuuliza cheo chake na usajili wake. Sifa ya tatu ni kusikiliza. Tabibu anayeandika dawa kabla hujamaliza sentensi ya kwanza hajakutibu wewe, ametibu neno moja alilolisikia. Na yule anayekuuliza umelala vipi, unakula nini, nani mwingine nyumbani ana dalili hiyo, huyo ameanza kukutibu hata kabla hajagusa kipimo.

Sifa ya nne ni kupima kabla ya kutoa dawa, na hapa Dodoma ina sababu yake ya pekee. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria haba nchini, lakini mazoea ya kuita kila homa malaria yametuganda kama vile tunaishi bondeni kwenye mito. Mtu wa Chamwino mwenye homa anaweza kuwa na nimonia, au uchafu katika mkojo, au homa ya matumbo. Na akiwa mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, anaweza kuwa na bruselosi, inayomrudia kwa homa, jasho na maumivu ya viungo. Akipewa dawa ya malaria bila kuchomwa kidole kwa kipimo cha haraka, ugonjwa wenyewe huendelea kujenga nyumba mwilini. Kwa sababu hiyo tabibu anayesema, "Malaria huna, tutafute kingine," amekutendea hisani kubwa, na si haki kumnung'unikia kwamba amekunyima dawa. Duka la dawa muhimu lina kazi yake njema, nayo ni kuuza dawa zilizoruhusiwa na zilizoandikwa. Kazi ya kutambua ugonjwa si yake, na anayenunua nusu dozi ya dawa ya vijidudu kwa kukisia anajizoesha maradhi yasiyosikia dawa.

Sifa ya tano, nami naiweka mwisho kwa kuwa ni kubwa, ni kudumu. Katika bonde la wachimba makaa la Glyncorrwg, nchini Wales, alikaa daktari aitwaye Julian Tudor Hart kwa zaidi ya robo karne. Wakati ambapo madaktari wengi walipima shinikizo la damu kwa mgonjwa aliyelalamika tu, yeye aliazimia kumpima kila mtu mzima katika kijiji chake, aliyekuja kwa kidonda, aliyekuja kwa mtoto, na hata asiyekuja kabisa, akamfuata. Aliwagundua wengi waliobeba maradhi bila habari, akawatunza mwaka baada ya mwaka, na vifo vya mapema vikapungua kuliko katika kijiji jirani kilichokuwa na umaskini ule ule. Ni yeye pia aliyeandika, mwaka 1971, kwamba tiba njema ina tabia ya kuwapungukia zaidi wale wanaoihitaji zaidi, na mkaazi yeyote wa kijiji cha mbali atashuhudia ukweli wa neno hilo. Huko Norway, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na uliowahusu watu zaidi ya milioni 4 ulionyesha kwamba waliokaa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, kwa takriban asilimia 25, kuliko walio naye kwa mwaka mmoja au chini yake, na haja yao ya kulazwa kwa dharura ilipungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kukujua kwa muda mrefu, basi, ni sehemu ya dawa.

Lakini watumishi wetu huhamishwa. Mganga mfawidhi aliyekuzoea leo anaweza kupelekwa wilaya nyingine kesho, na mgeni akaja asiyejua kwamba baba yako alikufa kwa kiharusi wala kwamba mtoto wako wa pili huvimba uso akipewa dawa fulani. Katika hali hiyo kumbukumbu isiyohamishwa ni ile inayokaa nyumbani. Kila mgonjwa wa zahanati analijua daftari la mwanafunzi ambalo hununuliwa dukani njiani ili tabibu aandike ndani yake. Ubaya ni kwamba hununuliwa jipya kila ugonjwa na la zamani huishia kuwashia moto. Nyumba na iwe na daftari moja lenye jalada gumu, kila mtu na kurasa zake: jina na tarehe ya kuzaliwa, maradhi aliyowahi kuugua, dawa zinazomdhuru, upasuaji, chanjo, shinikizo la damu na tarehe lilipopimwa, na maradhi ya ukoo. Liwekwe pamoja na kadi za kliniki katika mfuko wa nailoni, juu ambako mchwa na mvua havifiki, na aendaye kwa tabibu alichukue. Tabibu mgeni akilifungua, katika muda mfupi atajua yale ambayo mwenzake aliyajua kwa miaka.

Sasa tuingie katika zahanati siku ya kliniki, kwa maana kinga hueleweka zaidi inapoonekana. Akina mama wamekaa kwenye benchi na kivulini mwa mti, watoto wamefungwa kwa khanga mgongoni. Mizani imetundikwa kwenye boriti. Mtoto huvalishwa mfuko wenye matundu ya miguu, akaning'inia akilia, muuguzi akasoma uzito na kuutia nukta katika kadi. Nukta hizo, zikiunganishwa, hufanya mstari, na mstari ukipanda katika kijani mama hupumua. Ukilala au kushuka katika kijivu, muuguzi humwuliza mama habari za chakula, za kuhara, za nyumbani. Nukta moja haisemi mengi. Ni mstari wa miezi ndio unaosema, nao haupatikani kwa mama aletaye mtoto siku ya homa peke yake. Mpango wa chanjo ulianza nchini mwaka 1975, na ratiba yake leo humlinda mtoto tangu kuzaliwa dhidi ya kifua kikuu na polio, kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, nimonia na kuhara, na katika mwezi wa 9 na wa 18 dhidi ya surua na rubela. Hiyo ya mwezi wa 18 ndiyo isahauliwayo kuliko zote, kwa kuwa mtoto sasa anakimbia na mama anadhani kazi imekwisha. Aidha tangu miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka.

Tuseme katika benchi hilo amekaa bibi aliyemleta mjukuu kwa sababu mama yake yuko shambani. Tabibu anapita, anamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe mkono wako nikupime presha."

"Mimi siumwi, nimemleta huyu tu."

"Ndiyo maana nataka kukupima leo, bibi, kabla hujaumwa."

Kitambaa kinafungwa, kinajazwa upepo, na namba zinasomwa 172 kwa 104, ilhali mpaka wa hatari huanza kwenye 140 kwa 90. Bibi hana maumivu ya kichwa, hana kizunguzungu, ametembea kutoka kwake kwa miguu. Shinikizo la damu halina adabu ya kubisha hodi. Hukaa ndani ya mtu kwa miaka likichosha moyo, figo na mishipa ya ubongo, na siku linapojitangaza aghalabu ni kwa kiharusi. Dakika zile chache za benchi, na vidonge atakavyotumia kila siku bila kuacha ajisikiapo vizuri, huenda zikampa bibi huyu miaka ya kumwona mjukuu wake akienda shule. Tabibu afanyaye hivyo ndiye wa kuchaguliwa, na mgonjwa anyooshaye mkono bila ubishi ndiye mgonjwa mwema.

Kwa njia hiyo kila umri una haki yake. Mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12, apimwe damu, mkojo na shinikizo, na mume wake afuatane naye. Msichana apewe chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018. Na mwanamke wa miaka 30 hadi 50 achunguzwe mlango wa kizazi kwa siki, uchunguzi mfupi unaofichua dalili za awali wakati tiba yake ingali nyepesi. Aliyetimiza miaka 40 apimwe presha na sukari kila mwaka, na macho yake yatazamwe, kwa kuwa presha ya jicho hupofusha kimya na mtoto wa jicho huondolewa. Anayekohoa kwa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Na nyumbani, mbali na tabibu, maziwa yachemshwe, nyuso za watoto zioshwe, mahindi na karanga vikaushwe barabara na vilivyoota ukungu vitupwe, maana mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Ama gharama, nyingi ya huduma nilizozitaja ni bure kwa sera ya nchi: za mjamzito, za mtoto chini ya miaka 5, za uzazi wa mpango, za kifua kikuu na Ukimwi, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana msamaha wake. Kwa maradhi mengine upo utaratibu wa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao mageuzi yake yalijaribiwa kwanza hapa Dodoma, ulipoboreshwa nchini mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kumwingiza kila mkaazi. Mkulima auzapo alizeti, ufuta au zabibu, na fedha ziko mkononi, hapo ndipo pa kukata bima; akingoja mwezi wa njaa, fedha hazitakuwapo na ugonjwa hautangoja.

Limebaki pingamizi moja, na ni zito kwa kuwa linatoka moyoni. Wapo wasemao, na wengi wao ni wanaume, kwamba kupima ni kujitafutia ugonjwa, na kwamba ajali ya mtu imekwisha kuandikwa. Siwabezi, kwa sababu hofu hiyo ni ya kibinadamu. Lakini kipimo hakileti maradhi, huonyesha yaliyopo, na yaliyopo yanafanya kazi yake iwapo umeyajua au hukuyajua. Ama Mwenyezi Mungu, yeye aliyeandika ajali ndiye aliyetupa akili ya kuchimba kisima kabla ya kiangazi, na sijaona mchamungu aliyeacha kuweka akiba ya uwele kwa hoja kwamba njaa imeandikwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mzee wa kaya anayekataa kupimwa huwaandalia jamaa zake kilio hicho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiifunge sura hii kwa kukubali tu. Katika mwezi huu chagua siku ambayo hakuna mgonjwa nyumbani, chukua daftari na kadi, fuatana na mwenzio na wazee wako hadi zahanati iliyo karibu, mwamkieni mganga mfawidhi, jitambulisheni kwa majina na kitongoji, mwombeni awapime, mkubaliane lini mtarudi. Mkiona hana sifa tulizozitaja, mnao wasaa wa kutafuta mwingine, kwa kuwa hamna anayewafia mkononi. Na mkimwona anazo, shikamaneni naye, mheshimuni, iteteeni zahanati yake katika mkutano wa kijiji ipate dawa na watumishi, na rudini siku mliyoahidi mkiwa wazima.